Tulilipa Kutazama Vichanja Vyetu

Shauri lote lilitugharimu dola kumi na tano, kamisheni ya shemeji yangu, nauli za kupanda na kushuka kati ya Rubona na mjini, na pesa ya fotokopi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili jumla ilizidi ile ya kwanza, kwa sababu nilikumbuka soda niliyomnunulia mlinzi wa chuo. Fedha hiyo yote ilitoka kwenye kisanduku cha nyavu. Naomba kisanduku hicho kisisahaulike, maana nitakirudia nikimaliza.

Mimi nakausha sambaza. Wasiolijua ziwa letu niwaambie kwamba ni samaki wadogo, urefu wa kidole, wanaovuliwa usiku kwa taa na kufika ufukweni Rubona asubuhi wakiwa bado wanang'aa. Tuko kikundi cha wanawake. Tunawaosha, tunawatandaza juu ya vichanja, yaani meza ndefu za miti zilizowambwa waya, kimo cha kiuno, na juu yao tunafunika wavu mwembamba ili nzi na ndege wakatafute kwao. Jua likikubali, jioni samaki wamekauka. Nyumba yangu iko Mbugangari, upande huu wa mpaka, lakini nilikulia Goma, upande wa pili, kwa hiyo naweza kugombana kwa lugha nne na kupatana bei kwa zote.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha hapa mjini. Alikuwa anaandika utafiti wake juu ya ukaushaji wa samaki, akaomba kutuangalia tukifanya kazi. Alikaa nasi kiangazi kizima. Alichukua samaki wa vichanja vyetu, akachukua na samaki wa kikundi cha ng'ambo ya ghuba, wanaokausha juu ya mikeka chini, akawapeleka maabara kuwalinganisha. Tulimpa samaki, tukampa benchi la kukalia, tukampa chai na maneno. Alipoondoka alitushukuru vizuri. Baadaye alituma ujumbe kwamba makala yake imetoka katika jarida la kimataifa, tukampongeza, na muda si mrefu tukasikia amepata kazi ya kufundisha Kigali, nasi tukaanza kumwita mwalimu.

Hatukudai kitu. Huo ndio uzembe wetu wa kwanza, na kwa mfanyabiashara ni uzembe mbaya. Sokoni kwetu mtu akinunua beseni zima, anabaki amesimama na mfuko wazi mpaka umwongezee konzi moja juu. Wengine wanaiita nyongeza, sisi wa upande wa Goma tunaiita matabishi. Anayeondoka bila kuidai, muuzaji anamtazama mgongo wake na kujiuliza kama ni mgonjwa. Sisi tulimtazama mwalimu mgongo wake, na wagonjwa tulikuwa sisi.

Kisha akaja afisa mpya wa usafi. Alivitazama vichanja vyetu kama mtu anavyotazama chungu cha ukweni, kwa adabu na bila hamu. Akasema samaki wanaokaushwa nje, kando ya maji, hawezi kuwawekea saini yake. Alitupa muda hadi mwisho wa msimu. Tukileta andiko la wataalamu linaloonyesha kwamba njia yetu ni salama, atatuacha. Tusipolileta, vichanja vitaondolewa, na mwenye kutaka kuendelea atanunua mashine ya kukaushia. Bei ya mashine hiyo sitaitaja, nisije nikaharibu siku ya mtu. Hakuwa mtu wa kelele. Nilipoanza kumweleza jinsi tunavyofanya kazi, alinikatiza taratibu.

"Mama, mimi wakubwa wangu siwapelekei maneno. Nawapelekea karatasi."

Nikamwambia karatasi ipo. Imeandikwa juu ya vichanja hivihivi, na kile pale chenye mguu uliopinda. Akasema, bon, ilete.

Jioni hiyo tulikaa na mwenyekiti wetu, mama aliyetuzidi umri sote, aliyerudi kutoka Kongo kama mimi na ambaye ulimi wake haukuzuiwa mpakani. Tuliandika jina la mwalimu kwenye simu yake. Makala ikatokea: kichwa cha habari, jina la mwalimu, mistari michache ya muhtasari kwa Kiingereza, na chini yake picha ya kufuli na bei. Dola thelathini na tano.

"Ni bei ya kitabu kizima?" mwenyekiti akauliza.

Nikamwambia ni bei ya kurasa kumi na moja.

"Wanatia na samaki?"

Nilifanya ninavyofanya siku zote, nikatafuta mtu wa kupatana naye. Palikuwa na anwani ya barua pepe. Nikaandika Kifaransa cha heshima kwamba sisi ndio tuliomo ndani ya makala hiyo, kwamba hatununui ili tukauze, na kwamba tunaomba bei ya mwisho. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini, na hapo hapo nikajua hakuna mtu upande ule, maana binadamu hujifanya anafikiri kwanza. Lilikuwa jibu la mashine. Lilinishukuru kwa kupendezwa na huduma zao.

Lakini nilipoitazama tena ile bei, niliona chini yake bei ya pili, kwa herufi ndogo. Dola kumi na tano. Sijawahi kuona muuzaji anayeandika bei ya kuanzia na bei ya mwisho kwenye ubao mmoja. Nikamwambia mwenyekiti kwamba hawa watu biashara hawaijui, wameanika siri yao nje kama nguo za ndani. Tulicheka sana. Kicheko kile nacho ningependa nirudishiwe.

Kilichobaki kilikuwa kadi ya benki, na sisi kadi hatuna. Mwenye kadi ni shemeji yangu, anayefanya kazi katika ofisi moja Goma, ukishavuka mpaka pale Grande Barrière unatembea kidogo tu. Alidai kamisheni, nikaipunguza hadi nusu, akalalamika kwamba ninamla. Tulifungua kisanduku cha nyavu, yaani akiba ya kununua nyavu mpya za kufunikia kabla mvua za Septemba hazijaanza, nikamtumia fedha. Ijumaa jioni akanipigia kutoka kwenye kompyuta ya ofisini.

"Shemeji, imefunguka. Iko na mapicha. Ile kichanja yenu ya muguu mubaya, iko ndani."

"Nisomee."

"Iko Kiingereza, shemeji. Mi nitasoma je? Kuja Lundi, tutaitosha kwa mashini."

Kuitosha kwake ni kuichapa. Jumatatu nilivuka na wachuuzi wa mapema, nimefunga fleshi ya kuhifadhia makala kwenye ncha ya kitenge. Shemeji akaniwekea kiti, akawasha kompyuta, akabonyeza. Kufuli lilikuwa limerudi mahali pake. Tulisoma yale maandishi madogo chini ya maandishi madogo, yeye akitumia simu kuyatafsiri, na ndipo nilipojua nilichonunua. Dola thelathini na tano ilikuwa ya kuimiliki makala. Dola kumi na tano ilikuwa ya kuikodi kwa siku mbili, kwa kuitazama tu, bila kuichapa wala kuihifadhi. Tulikodi Jumamosi na Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa. Ni kama kukodi hema na viti vya harusi, ukavilipia, vikalala nje bila maharusi.

Nikamwomba shemeji arudishe kamisheni. Akasema kamisheni ni ya kazi, na kazi aliifanya.

Kuwaeleza wenzangu ndiko kulikonichosha kuliko kuvuka mpaka. Nilisimama kati ya vichanja nikasema yote, pamoja na ile sehemu ya kucheka. Kisha mwenyekiti akanigeukia polepole.

"Donc, wewe unayemuhesabia mutu sambaza mara mbili, kichwa na mukia, umeuziwa siku mbili za kuangalia?"

Nikasema ndiyo.

"Na hukuangalia."

Nikasema sikuangalia.

Wengine walianza kuzungumzia mkopo wa mashine. Wengine walisema tuvibomoe wenyewe kabla hatujabomolewa, angalau miti tuitumie. Mimi nilikataa, na sikukataa kwa sababu ya ushujaa. Nilikataa kwa hesabu. Nimeuza sokoni tangu nikiwa msichana, nimekutana na mizani iliyochezewa na magunia yenye mawe katikati, lakini mtu aje achukue samaki wangu, benchi langu, chai yangu na maneno yangu, halafu aniuzie mimi habari zangu kwa bei ambayo haipungui, hapana. Hata wezi wa Goma, ukiwapata, wanakuuzia simu yako kwa bei ya kupatana.

Nikapanda basi dogo kwenda mjini, hadi chuoni alikosomea mwalimu. Mlinzi akaniomba kadi ya mwanafunzi. Nikamwambia kadi sina, ila humo ndani kuna mambo yameandikwa juu yangu na nimekuja kuyasikia. Akacheka. Nikanunua soda. Nikaingia.

Mkutubi alikuwa mwanamume aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alinikaribisha, akaniita mama, akanivutia kiti kana kwamba sinuki samaki. Nilimweleza kila kitu. Nilipofika kwenye siku mbili za kukodi, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

Niliomba tu anifungulie kufuli. Akasema hawezi, maktaba yao hailipii jarida lile. Alinionyesha hesabu ya mambo hayo kwa maneno mepesi: majarida huuzwa kwa mafungu, kwa mwaka, na fungu lenye jarida hilo lingekula pesa ya maktaba nzima. "Tukililipia hilo, mama, tutawasomesha wanafunzi gizani," alisema. Kwa hiyo chuo kilichomfundisha mwalimu, kilichompa maabara na msimamizi, nacho kilikuwa kimesimama nje ya kufuli pamoja nami. Nilijisikia nafuu kidogo. Kudanganywa pamoja na chuo kikuu si kama kudanganywa peke yako.

Ndipo akasema kuna mlango mwingine, na ni halali. Maktaba ina hifadhi yake kwenye intaneti, ambamo kazi za walimu na wanafunzi huwekwa, na mtu yeyote duniani anaweza kuzisoma bila kadi na bila kulipa. Wenye majarida wengi humruhusu mwandishi kuweka humo nakala yake mwenyewe, ile ya mwisho aliyowatumia baada ya masahihisho, kabla wao hawajaipanga kurasa na kuipaka nembo. Wengine hudai muda fulani upite kwanza. Alitafuta masharti ya jarida lile, akayasoma kwa kidole. Muda uliotakiwa ulikuwa umeshapita kitambo. Kilichokosekana ni mwandishi kuileta nakala.

Nikamuuliza kwa nini hajaileta.

"Wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa, mama. Wakishatia saini wanaogopa hata kuitazama."

Tukampigia mwalimu simu palepale, sauti wazi. Alifurahi kunisikia, akauliza habari za mwenyekiti na za kichanja chenye mguu uliopinda. Nikampa habari, kisha nikampa hii ya kubomolewa. Nikamwambia ninachotaka.

"Mama, nilitia saini mkataba," akasema. "Haki si yangu tena. Mimi mwenyewe sasa hivi nikitaka kuifungua, napata kufuli."

"Ngoja kwanza. Walikulipa ngapi?"

"Hawalipi, mama."

"Na wale walioikagua kabla haijatoka?"

"Ni walimu kama mimi. Wanakagua bure."

"Na sisi wenye samaki?"

Alianza kuniomba radhi, nikamkatiza.

"Mwalimu," nikasema, "ulikula sambaza zangu kiangazi kizima na ukaondoka bila mimi kudai hata nyongeza. Leo naidai."

Mkutubi alisogeza simu karibu, akamsomea masharti yale kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, kisha akamwambia kwa Kiswahili kwamba haki aliyoitoa ni ya ile nakala iliyopangwa na kupambwa, na kwamba ile aliyoiandika kwa mikono yake wamemwachia, wameandika wenyewe, na maandishi yapo hapa. Mwalimu akaomba asomewe tena. Akasomewa tena. Nilimpenda hapo, maana mtu anayeomba kusomewa mara mbili tunaelewana.

Kabla ya saa kumi faili lilikuwa limefika, picha zote zikiwa zimerundikwa mwishoni. Mkutubi aliliweka kwenye hifadhi, likapata anwani yake, akanionyesha kwenye simu yangu mwenyewe. Nilibonyeza nikiwa nimeukaza mkono kama anayegusa sufuria. Likafunguka. Nilitazama kama kuna maandishi madogo chini. Nikatazama tena. Hayakuwapo.

Akanichapia nakala na kunitoza karatasi tu. Nikamwomba apunguze, akakataa, nikamwomba nyongeza, akanichapia ya pili.

Jumamosi mkutubi alikuja Rubona mwenyewe, akakaa kwenye lile benchi la mwalimu. Alisoma makala akiitafsiri kwa Kiswahili, na mwenyekiti akaigeuza Kinyarwanda kwa wale waliokipenda zaidi, akitia chumvi yake. Ilisema samaki wa vichanja, walioinuliwa kutoka chini na kufunikwa wavu, walitoka safi kuliko wa mikeka. Tulipiga makofi. Mkutubi akasubiri, akafungua ukurasa mwingine. Ilisema pia kwamba tunawatia kwenye magunia jioni wakiwa bado na joto la jua, ili tumuwahi mnunuzi wa Goma, na joto hilo linatoa unyevu ndani ya gunia, na unyevu unaleta ukungu.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Tulilipa mutu atuseme?" mwenyekiti akauliza, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Maana kila mmoja wetu aliwaza magunia yake. Kwa misimu miwili tulikuwa tunarudishiwa magunia yenye ukungu kutoka ng'ambo ya mpaka, tunayauza kwa bei ya chakula cha kuku, na tunalaumu ziwa, tunalaumu forodha, tunalaumiana. Jibu lilikuwepo wakati wote huo, limeandikwa vizuri na mtu anayetufahamu, limefungwa kufuli. Hasira yangu ya vichanja ilipoanza kupoa, hapo ikawaka upya. Kama kufuli lile limetunyima samaki wa misimu miwili, basi dola kumi na tano ndiyo ilikuwa sehemu ndogo ya deni.

Afisa alipokea nakala, akaisoma amesimama, akavitembelea vichanja akiwa nayo mkononi kama mtu mwenye ramani. Alipofika kwenye mguu uliopinda akatazama picha, akatazama mguu. Akasema vitabaki, kwa masharti mawili: samaki wapoe kabla ya kuingia guniani, na nyavu za kufunikia ziwe nzima. Akaniuliza kama anaweza kubaki na nakala ile. Nikamwambia abaki nayo, na hata asingebaki nayo, simu yake ingeifungua.

Lilibaki jambo moja la aibu. Mwenyekiti alishauri tuwauzie nakala wale wa mikeka, ng'ambo ya ghuba, ili kisanduku kipate kurudi. Nami nikaona ni shauri zuri. Nilitoa fotokopi kadhaa, nikaenda nazo, nikamtajia kiongozi wao bei. Akanipa bei yake, nikacheka kwa dharau kama inavyotakiwa, tukaendelea hivyo tukipanda na kushuka. Nilipokaribia kukubali, akatoa simu mfukoni na kunionyesha makala yote, hadi picha ya mwisho. Mkutubi alikuwa amepita kwake Jumamosi ileile, kabla ya kupanda basi la kurudi.

"Nilitaka tu kusikia utafika wapi, mama," akasema.

Nilikasirika mpaka jioni. Kisha nikagundua kwamba nimekasirikia kitu kilekile nilichokwenda kukipigania, nikampa zile fotokopi, kwa kuwa simu yake kioo kimepasuka. Sasa wanajenga vichanja. Walikuja kupima vyetu kwa kamba, hata ule mguu uliopinda wakaupima. Niliwaacha. Nimewaambia tu kwamba mguu ule si sehemu ya utaalamu.

Kwa hiyo vichanja vimebaki, samaki wanapoa kabla ya gunia, na mnunuzi wa Goma amejifunza kusubiri. Lakini nyavu zimechakaa. Tumezishona hadi mahali pa kushonea pameisha, afisa amesema ziwe nzima, na mvua haitatusubiri kama mnunuzi. Mwalimu alitaka kutulipa kutoka kwenye mshahara wake, mwenyekiti akamkatalia, akasema mwalimu naye aliuza bila kulipwa na hatuwezi kuwadai walioibiwa pamoja nasi. Shemeji bado anasema kazi aliifanya. Mwenye kufuli nimemwandikia mara ya pili, kwa Kifaransa cha heshima kidogo kuliko cha kwanza, nikitaka arudishe dola kumi na tano za siku mbili ambazo hakuna aliyezitumia. Nimeshukuriwa tena kwa kupendezwa na huduma zao.

Kama yupo asomaye haya anayemfahamu mtu, hata mmoja, anayekaa nyuma ya kufuli lile na kuitika akiitwa, anishauri nibishe hodi mlango gani. Risiti ninayo. Niko tayari hata kupatana, mradi yeye ndiye aanze kutaja bei.